Siku Moja Chini ya Hilux: Kazi ya Kuinua Bodi

Watu wengi wanaopita nje ya gereji yetu, huku Unga Limited, Arusha, wakiona pikapu imesimama juu kuliko kawaida huamini kwamba imebadilishwa springi. Mara nyingi ni kweli, lakini ipo kazi nyingine ambayo haigusi springi wala shokapu. Bodi inatenganishwa na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini na ekseli, vipande vigumu vinawekwa kati yake, kisha bodi inafungwa upya kwa bolti ndefu zaidi. Jana nilikuwa na kazi hiyo tangu asubuhi, na ninaieleza kwa sababu wateja wengi huiita kazi ya kuchomeka vipande na hushangaa wanapotajiwa bei.

Saa moja na nusu asubuhi iliingia Hilux ya milango minne ya mfanyabiashara anayepeleka bidhaa za duka Engaruka. Alitaka kufunga tairi za 285/70R17 badala ya 265/65R17 alizokuwa nazo, na kwa ukubwa huo zingesugua bodi kila anapokata kona. Nilimweleza kwamba tutainua bodi sentimita 5 ili tairi zipate nafasi, lakini difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, haitapanda kwa sentimita hizo, kwa kuwa yenyewe inabaki chini pamoja na ekseli. Kitakachoipandisha ni tairi peke yake, nayo ni takriban sentimita 2.7. Ninasisitiza jambo hili kwa kila mteja, kwa sababu mtu akidhani difu imepanda sana ataingia korongoni kwa ujasiri usio na msingi, na jiwe halitajali bodi yake iko wapi.

Saa mbili hadi saa nne zilikwisha kwa kufungua vitu: betri, waya wa ethi, bampa, kava la feni, shafti ya stelingi na mpira wa kujazia mafuta.

Saa nne tulianza bolti za bodi. Tulikuwa tumezimwagia mafuta ya kulainisha kutu mapema, na nyingi zilitii. Iliyobaki ilikuwa moja, chini ya siti ya nyuma upande wa kushoto. Spana ilizunguka kwa wepesi ambao kila fundi anauogopa, kwa sababu bolti haikushuka hata kidogo. Nati yake, ambayo kiwandani ilichomelewa ndani ya bodi, ilikuwa imeachia na sasa ilizunguka pamoja na bolti, mahali ambapo mkono haufiki. Tulitoa siti, tukafunua zulia, tukakuta vumbi la Engaruka limeshikana na unyevu na kuwa tope gumu, na chini yake bati lenye kutu ya rangi ya kahawia iliyobanduka kwa ukucha. Ilinibidi kukata kidirisha kidogo kwenye bati hilo kwa grainda ili niishike nati kwa ringi spana, na kabla ya kuwasha grainda nilihamisha kila kinachoweza kushika moto na kutandika matambara mabichi pembeni.

Mteja alikuwa amesimama juu yangu muda wote huo. "Fundi, bolti moja tu ndiyo inakula mchana wangu?"

"Uniwie radhi, bosi. Hii ndiyo inayoshika bodi pale wanapokaa abiria wako."

"Ikate kichwa, weka kipande chako, tuondoke. Nyingine si zipo?"

Nilikataa. Bolti ndefu hubeba mzigo mzito kuliko fupi, kwa sababu bodi iliyo juu huivuta kwa mkono mrefu zaidi kila gari linapoyumba, kwa hiyo ukipunguza hata moja unazielemea zilizobaki. Akanitajia gereji ambayo ingemaliza kwa saa mbili. Nikamjibu kwa heshima kwamba gari ni lake na anaweza kulipeleka huko, ila likitoka kwangu litatoka na bolti zote. Alinyamaza, akaenda kunywa chai. Nati ilikubali wakati msikiti ulikuwa umekwisha kuadhini adhuhuri, na fundi wa kuchomelea akaweka nyingine mpya na kuziba kidirisha.

Kuinua kwenyewe hakukuchukua muda mrefu. Tulilegeza bolti za upande mmoja bila kuzitoa, tukaweka jeki na ubao mpana upande wa pili ili bati lisibonyee, kijana wangu akapenyeza vipande, kisha tukageukia upande mwingine, na baadaye bodi ya mizigo.

Kilichonichosha ni yale yanayofuata, ambayo mteja hayaoni. Feni imefungwa kwenye injini, na injini inabaki na chesisi, ilhali rejeta na kava la feni vimepanda na bodi, hivyo kava lisiposhushwa panga za feni zitalikata. Shafti ya stelingi ilihitaji kipande cha kuirefushia. Rungu la gia lilikuwa limezama na kugusa ukingo wa tundu la sakafuni. Paipu za breki nilizifuata kwa vidole kutoka juu hadi chini, moja baada ya nyingine, nikiwa nimelala chali kwenye zege, mabega yakiuma, kwa kuwa paipu iliyokazwa kama kamba ya nguo haitadumu barabarani.

Giza lilikuwa limeingia tulipozungusha usukani hadi mwisho pande zote na kuona tairi haigusi popote. Nilimkabidhi funguo na kumweleza kwamba kipimo cha mwendo sasa kitasoma pungufu, yaani kikionyesha 80 yeye anakwenda takriban 85, na kwamba gari lirudi baada ya kilomita 500 tukaze bolti upya, kwa sababu vipande hujikalia na bolti hulegea. Akasema Engaruka ni mbali, hawezi kurudi kwa kukaza bolti tu. Nimeandika namba yake kwenye daftari la gereji, na wiki ijayo nitampigia.