Antivirus ya kulipia? Angalia hapa kwanza

Leo mchana imeletwa laptop ya Windows 11. Mwenyewe ana swali moja tu: anunue antivirus ya kulipia au la?

Defender, antivirus ya bure inayokuja na Windows, ipo, alama ya kijani inawaka. Lakini kila flashi ikichomekwa, mafaili yanageuka shortcut.

Njia ni hii: Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka chini hadi Exclusions (orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui), bonyeza Add or remove exclusions.

Humo kuna mstari mmoja:

C:\

Diski nzima! Aliyeweka Office ya kukraki (iliyovunjwa leseni ili isilipiwe) aliiambia Defender isikague chochote kwenye C:, na kijani kikaendelea kuwaka.

Ukilipia antivirus, kraki inayofuata nayo itakwambia uizime. Futa huo mstari, ondoa kraki, kisha endesha Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka yenyewe, huchukua kama dakika 15. Mafaili yaliyofichwa kwenye flashi (tuseme ni E:) yanarudi kwa kuandika amri hii kwenye Command Prompt: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kulipia kuna maana ofisini, penye mashine nyingi zinazosimamiwa toka sehemu moja. Ya nyumbani? Hela hiyo nunua diski ya nje ya bakapu.

Haya, fungueni Exclusions zenu sasa hivi. Mmekuta nini?