Nilivyotafuta ushahidi Mwanza ili mdogo wangu apate hifadhi Marekani

Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye ndugu nje anayeomba hifadhi ya ukimbizi, maana watu wanadhani kazi yote iko kule kwa mwanasheria, kumbe nusu ya kesi iko huku nyumbani, kwenye madaftari ya polisi na kwenye sanduku la mama.

Mdogo wangu ana ualbino. 2008, kile kipindi kibaya cha kanda ya ziwa mnachokikumbuka, wenye ualbino walipokuwa wanawindwa kwa ajili ya viungo vyao vya ushirikina, watu walivunja mlango kwetu kijijini Sengerema usiku wakamkata panga mkono wa kushoto, mama akapiga mwano, yani yowe la kuita msaada, sungusungu wakafika, jamaa wakakimbia. Alikuwa na miaka 12. Hakulala tena kijijini, akasoma bweni Misungwi, baadaye akaja kwangu Kirumba, na hapo hapo mjini 2015 akiwa na mimba kuna wanaume wawili walikuwa wanamfuata kila akitoka sokoni mpaka tukamhamisha nyumba. 2018 akapata viza ya mafunzo mafupi, akafikia Houston, hakurudi. Mtoto wake nikabaki naye mimi.

Miezi tisa ikapita ndo ananipigia analia. Fomu ya kuomba hifadhi, ile I-589, inatakiwa iingie ndani ya mwaka 1 tangu ufike Marekani, ukichelewa uwe na sababu nzito kweli kweli. Tumebakiwa na miezi 3. Na alishakutana na mtu anayejiita mtaalamu wa makaratasi, anataka dola 1,500 amwandikie stori nzuri, aseme na baba aliuawa siku ile. Baba yetu alikufa kwa presha jamani, kaburi lipo. Nikamwambia usisaini kitu. Kule anayeruhusiwa kukuwakilisha ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na wizara yao ya sheria, huyo hakuwa wakili wala mwakilishi. Kupitia kanisani akapata mwanasheria wa uhamiaji anayesaidia bure wasio na uwezo, mama mtu mzima, mkali, Mungu ambariki sana.

Simu ya kwanza na huyo mama ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kwetu, kwao saa tatu usiku, mdogo wangu katikati anatafsiri. Nilijua ataniuliza tulivyoumia, yeye akauliza tarehe. Nani alifika wa kwanza, mliripoti siku gani, hospitali gani, karatasi iko wapi. Halafu akauliza kwa nini hakuhamia Dar tu. Aisee hilo liliniuma, nikaona hatuamini, kumbe ndilo swali ambalo afisa wa uhamiaji wa kule ataliuliza, kwamba ungeweza kuishi salama sehemu nyingine ya nchi yako, na serikali yako ilikulinda vipi. Na huwezi kusema serikali haikufanya kitu, 2009 waganga wa kienyeji walifutiwa leseni, 2015 wapiga ramli wakapigwa marufuku, kuna wauaji walihukumiwa kunyongwa. Tuliyaandika yote hayo, ila tukaandika pia kwamba waliomkata mdogo wangu hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani, na alipohamia mjini alifuatwa huko huko.

Nikaanza kuhangaika. Nilivuka na feri ya Kamanga mara nne. Kwenye kituo cha polisi waliniambia faili za miaka hiyo haziko, nikarudi, nikarudi tena, mpaka askari mmoja akanionea huruma akaniambia tafuta PF3 hospitali, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, maana bila PF3 wasingemtibu jeraha la panga. Kweli, hospitali waliipata kwenye boksi stoo, imeliwa na mchwa pembeni lakini tarehe na muhuri vinasomeka. Nililia pale pale. Wakanipa na barua.

Mzee wa sungusungu na mama wakatoa hati za kiapo kwa wakili hapa Mwanza. Mama hajui kusoma, kwa hiyo akasomewa yote kwanza, kuna sehemu ikabidi wamweleze kwa Kisukuma, ndo akaweka dole gumba na wakili akaandika kwamba amesomewa na ameelewa.

Sasa tatizo likawa mwaka wa kuzaliwa. Cheti cha shule 1997, cheti cha kuzaliwa 1996, na mwanasheria anasema tofauti ndogo hivyo inaweza kufanya afisa asiamini mengine yote. Mama anajua kitu kimoja tu, alijifungua wiki ile MV Bukoba imezama. Hiyo ni Mei 1996. Akafungua sanduku lake, chini ya vitenge kukawa na kadi ya kliniki imekunjwa, Juni 1996 mtoto amepimwa uzito. Ikaingia kwenye faili.

Na hapa kwenye tafsiri muwe makini jamani. Karatasi za Kiswahili lazima ziende na tafsiri ya Kiingereza na mtafsiri asaini kwamba lugha zote mbili anaziweza na tafsiri ni kamili. Barua ya hospitali ilisainiwa na Mganga Mfawidhi, yani daktari mkuu wa pale, mtafsiri wa kwanza akaandika neno lile lile la mganga wa kienyeji! Kwenye kesi hii ambayo waganga ndo wanaotuma watu wakate viungo! Nimeiona usiku kabla haijatumwa, nikapiga simu hapo hapo.

Fomu iliingia zimebaki siku 11. Kwenye mahojiano alienda na mkalimani wake mwenyewe, kipindi hicho ndo ulikuwa utaratibu, na mwanasheria haruhusiwi kukutafsiria. Wakamhoji kama masaa matatu, Dar ikaulizwa, mwaka wa kuzaliwa ukaulizwa.

Akakubaliwa.

Nilipompelekea mama habari alikaa kimya kidogo akauliza, na mimi nitaenda kumuona? Nikamwambia ukweli, anaruhusiwa kuwaombea mume na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajafika miaka 21, mama hayumo. Na yeye kurudi huku kusalimia kunaweza kumharibia hifadhi yake. Ila mtoto anaweza kwenda, fomu yake ipelekwe ndani ya miaka 2.

Mama akainuka, akalivuta sanduku, akaanza kutafuta kadi ya kliniki ya mjukuu.