Uzoefu wangu wa kupandikiza homoni maksai wa nyama huku Kansas

Watu huziita homoni za ukuaji, lakini homoni ya ukuaji yenyewe, somatotropini, Marekani imeruhusiwa kwa ng'ombe wa maziwa tu. Tunazopandikiza mazizini ni za jinsi. Dozi ninayoitumia zaidi kwa maksai ni trenboloni (homoni ya kiume ya kutengenezwa) miligramu 120 na estradioli (homoni ya kike) miligramu 24, katika vidonge vidogo vinavyoyeyuka kwa miezi mitatu na kidogo.

Huwekwa sikioni kwa sababu machinjioni sikio hutupwa. Sikio kavu na safi siligusi kwa maji. Lenye matope au kinyesi nalisugua kwa brashi yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Sindano naiingiza nyuma ya sikio, theluthi ya kati, kati ya ngozi na gegedu, nikikwepa mishipa ya damu na tundu la hereni. Ikizama yote, naivuta nyuma huku nikibonyeza kuvitoa vidonge, ili vidonge vikae kwa mstari. Usipoivuta, vidonge hurundikana au kupondeka, na vilivyopondeka humwaga homoni kwa kishindo: maksai huanza kupandana, shina la mkia linainuka, chuchu zinavimba. Vikiingia ndani ya gegedu, homoni haifyonzwi vizuri.

Kila baada ya ng'ombe mmoja napangusa sindano kwenye sponji yenye dawa ileile. Ikiwa butu, naitupa. Uchafu huleta jipu, usaha huvifungia vidonge au kuvitoa nje, na dozi imepotea. Baada ya wiki tatu napapasa masikio ya baadhi yao. Nikikuta majipu, kosa nalitafuta kwenye usafi wetu kabla ya kuilaumu dawa.

Kazi ikifanyika vizuri, ongezeko la uzito kwa siku hupanda kwa asilimia 10 hadi 20, na chakula kwa kila kilo inayoongezeka hupungua. Sarara nayo hupanuka. Lakini mnofu unajengwa kwa protini: lishe ikiwa hafifu, hakuna cha kujengea.

Wengi hukosea kwenye ubora wa nyama. Homoni huelekeza chakula kwenye mnofu, mafuta yanachelewa. Maksai aliyepandikizwa hufikia unene uleule wa mwenzake akiwa mzito zaidi kwa kilo 25 hadi 45. Ukiwachinja wote siku moja, huyu atakuwa na mafuta machache ndani ya mnofu. Daraja la ubora wa nyama la Marekani linashuka kutoka Choice hadi Select, iliyo chini yake, na nyama huweza kuwa ngumu kidogo. Kwa hiyo siendi na kalenda. Naangalia mafuta ya kidari, ya mbavuni na ya shina la mkia. Ng'ombe wageni waliochoka na safari, ambao bado hawali vizuri, siwapi dozi kali. Hiyo huharibu mafuta ya ndani ya mnofu mapema. Kurudia dozi katika hatua ileile ya ulishaji sifanyi ila lebo iruhusu.

Wanaolengwa soko la Ulaya, lililofungia nyama ya homoni tangu 1989, hawapandikizwi kabisa. Nawatenga zizi lao.