Dayodi Iliyonidanganya Ndani ya Maikrowevu ya Shangazi

Maikrowevu ya shangazi yangu iliacha kupasha chakula mwezi uliopita, ingawa taa yake iliwaka, sahani ilizunguka na feni ilivuma kama kawaida. Fundi aliyeiangalia kwanza alisema kwamba magnetroni, yaani kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, imekufa, na kwa kuwa hicho ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa zaidi ndani ya mashine hiyo, shangazi alinipigia simu akasema, “Mwanangu, kabla sijatoa fedha, njoo unihakikishie.”

Kapasita iliyomo ndani, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imekwisha kuchomolewa. Kapasita nyingi za aina hiyo zina rezista ya takriban megaomu 10 ya kuondoa chaji, lakini rezista hiyo ikikatika hakuna dalili yoyote ya kukuonya. Transfoma huupandisha umeme wa volti 230 hadi karibu volti 2,000, kisha kapasita na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwa pamoja huufikisha kwenye takriban volti 4,000, kiwango ambacho huua. Kwa hiyo nilichomoa plagi, nikasubiri dakika kadhaa, nikaziunganisha ncha mbili za kapasita kwa bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, kisha nikaunganisha kila ncha na bodi ya chuma. Sijawahi kupima volti hizo za juu mashine ikiwa inafanya kazi, na ninamsihi kila msomaji asithubutu, kwa sababu multimita ya kawaida, yaani kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Fyuzi na swichi tatu za mlango zilikuwa nzima. Koili ya transfoma inayopokea umeme wa ukutani ilionyesha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) mbili hivi, na ile ya volti za juu ilionyesha omu zaidi ya 100 kati ya ncha yake na bodi, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye magnetroni nilichomoa waya zake mbili na kupima kati ya ncha zake, nikapata chini ya omu 1. Kati ya kila ncha na bodi multimita haikuonyesha njia yoyote ya umeme. Magnetroni yenye vipimo hivyo inaweza bado kuwa imechoka, lakini hakuna haki ya kuitupa kabla ya kumaliza kupima vilivyobaki.

Vilibaki kapasita na dayodi. Kapasita ilisoma karibu mikrofaradi 1, sawa na ilivyoandikwa ubavuni. Dayodi haikuonyesha chochote pande zote mbili, na hapo nilitaka kusema kwamba imekatika. Hata hivyo nilikumbuka kwamba dayodi hii si kama zile ndogo za redio: ndani yake mna vipande vingi vilivyopangwa mfululizo, na ili ipitishe umeme huhitaji volti kadhaa, nyingi kuliko zinazotolewa na multimita nyingi. Dayodi nzima kabisa huweza kuonekana imekufa, na iliyokufa kwa kukatika huonekana vivyo hivyo. Naamini dayodi nyingi zimehukumiwa, au zimeachiwa, kwa kosa hili.

Nilichukua betri ya volti 9, nikaiunganisha na dayodi kwa mfululizo, nikaiweka multimita kwenye kipimo cha volti za umeme wa betri na kufunga mzunguko kwa ncha zake. Dayodi nzima huonyesha volti kadhaa upande mmoja na sifuri upande wa pili. Hii ilionyesha sifuri pande zote mbili. Ili niwe na hakika nilinunua mpya, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya magnetroni, nikaipima kabla ya kuifunga: upande mmoja volti zilipita, upande wa pili hazikupita.

Niliifunga dayodi mpya, ncha ya kathodi, yaani ile ambako umeme hutokea, ikikazwa vizuri kwenye bodi, nikarudisha kifuniko na skrubu zake zote kabla ya kuwasha. Mashine hii haiwashwi ikiwa tupu, kwa hiyo niliweka lita 1 ya maji yenye nyuzijoto 26 na kuiwasha kwa nguvu zote kwa dakika 1. Nilipoyakoroga na kuyapima tena, maji yalikuwa yamefika nyuzijoto 36, yaani yalikuwa yamepokea takriban wati 700, ambazo ndizo zilizoandikwa mgongoni mwa mashine.