Panya ndani, usingizi hakuna, nikabaki nasoma habari za kujitenga

Kama umeshawahi kusikia kitu kinakwaruza nyuma ya kabati saa nane usiku basi tutaelewana. Mwanzo nilijua ni mbao tu, alafu nikaja kukuta vile vinyesi vidogo vyeusi vyenye ncha nyuma ya jiko, hapo ubishi ukaisha. Na bahati mbaya panya anafanya kazi zake usiku, so na mimi nikawa macho, na wakati huo nilikuwa nimezama kwenye habari za majimbo yanayotaka kujitenga, basi nasoma huku masikio yako jikoni.

Kwanza sumu niliikataa kabisa. Panya akila sumu anaenda kufia ndani ya ukuta, harufu yake hutaiweza, na paka au mtoto akiiokota ni balaa lingine. Nilichofanya ni kutafuta anapoingilia. Panya mdogo wa nyumbani anapenya kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, yani penseli ikipita na yeye anapita, kwahiyo nilizunguka na tochi kila bomba linapoingia ukutani, chini ya sinki, nyuma ya jiko, kila tundu nikalijaza stilwaya ile ya kusugulia sufuria alafu nikaziba juu yake, sababu ukiweka karatasi au sponji anatafuna anapita zake. Vyakula vyote nikahamishia kwenye madebe yenye mfuniko mgumu. Mitego ya kufyatuka niliiweka sakafuni kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana yeye hutembea kandokando hapiti katikati ya chumba, na siagi ya karanga unapaka kidogo tu, ukizidisha atailamba pembeni na mtego usifyatuke.

Sasa kwenye kusoma, kitu kilichonishika ni kwamba hizi kura za kujitenga hazifanani hata kidogo. Scotland walipiga Septemba 2014, asilimia 55 wakasema tubaki Uingereza, na aliyeshindwa alikubali. Kwanini alikubali? Kwa sababu tangu 2012 serikali ya Uingereza kule London na ya Scotland kule Edinburgh zilikaa zikasaini makubaliano, nani anaandaa kura, sheria gani inatumika, wote walijua kabla ya karatasi ya kwanza kuingia kwenye sanduku. Catalonia, jimbo la Hispania, Oktoba 2017 hakukuwa na makubaliano yoyote, mahakama ya katiba ya Hispania ilishasimamisha kura, wakapiga hivohivo, polisi wakaingia vituoni na virungu, waliopiga kura ni kama asilimia 43 tu na karibu wote walisema ndiyo, maana waliokuwa wanapinga wengi hawakwenda. Kura ya hivo unaifanyia nini? Mwenye ndiyo anaona ameporwa, mwenye hapana anaona haikuwepo. Mimi watu kupigwa virungu wakiwa kwenye foleni ya kura sitaitetea kamwe, lakini pia siamini kwamba ndiyo ya upande mmoja peke yake inaweza kuzaa nchi.

Alafu kuna Quebec, jimbo la Canada, hii ndo iliniamsha kabisa hata ule mkwaruzo nikausahau. Oktoba 1995 Canada iliponea chupuchupu, asilimia 50.58 walisema hapana kwa kujitenga, 49.42 ndiyo. Ila siku chache kabla, Wacree, wenyeji wa kaskazini ya Quebec, walipiga kura yao wenyewe na zaidi ya asilimia 96 wakasema sisi na ardhi yetu hatutolewi Canada. Hebu fikiria, jimbo linasema lina haki ya kuondoka kwenye nchi, na ndani ya jimbo kuna watu wanasema nao wana haki ya kutoondoka. Kila anayeshabikia kujitenga ningependa ajibu hilo kwanza kabla hajaniambia habari ya bendera.

Sudan Kusini nayo inauma. Januari 2011 karibu asilimia 99 walitaka kwenda zao, na baada ya vita vya miaka yote ile walikuwa na kila sababu, Julai wakapata nchi. Desemba 2013 vita vikaanza tena, safari hii wenyewe kwa wenyewe. Silaumu waliopiga kura, nalaumu viongozi waliodhani ugomvi wote ulikuwa na serikali ya Sudan kule Khartoum.

Turudi kwa panya, mtego ulifyatuka usiku mmoja karibu na alfajiri na mkwaruzo ukakata, ila niliacha mitego mingine palepale kwasababu jike mmoja anabeba mimba wiki tatu tu na anazaa watoto kadhaa kwa mkupuo. Kusafisha pia kuna utaratibu, usifagie vile vinyesi vikiwa vikavu, vumbi lake lina vijidudu na unalivuta, vaa glavu, lowesha kwa maji yenye klorini, subiri kidogo, ndo ufute na kutupa.

Saa hizi nalala vizuri ila kusoma sijaacha. Sasa nimefika kwenye habari za Bougainville, eneo la visiwa ndani ya Papua New Guinea, 2019 karibu asilimia 98 walisema wanataka kutoka Papua New Guinea, na kura yenyewe ni ya ushauri tu, bunge la Papua New Guinea ndo linatakiwa kuamua.