Mita Nane za Lami Tupu

Novemba 2018, saa kumi na moja kasorobo jioni, na giza tayari limeshakaba kama saa mbili usiku kule Tanga. Natoka kwa babu mmoja niliyekuwa namtunza, nikaona kifuko cha plastiki kimebandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari langu. Nilijua ni nini kabla sijakifikia. Ndani mlikuwa na karatasi ya halmashauri: kosa namba 01, kuegesha kwenye barabara yenye katazo. Pauni 70. Ukilipa ndani ya siku 14, pauni 35.

Nilikuwa nafanya kazi ya kea, kutunza wazee majumbani, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ambao jina lake naliacha. Nililipwa pauni 8 kwa saa, na saa zenyewe zilihesabiwa ukiwa ndani ya nyumba ya mzee tu. Dakika za barabarani zilikuwa zako mwenyewe. Kwa hiyo pauni 70 ilikuwa kutwa nzima ya kuogesha watu, kuwavisha soksi na kuwapashia supu.

Nikawasha tochi ya simu nikaangalia chini. Mistari miwili ya njano, ile ya kukataza kuegesha, ilianzia konani, ikaja vizuri kandokando ya barabara, halafu ikakatika ghafla kama iliyokatwa kwa kisu. Hapo ndipo kilipoanza kiraka cha lami mpya, nyeusi tii, na gari langu lilikuwa katikati yake. Mbele ya kiraka mistari ikaanza tena, nusu imefunikwa na majani yaliyooza kwa mvua.

Nikarudi ndani kumuuliza babu. Alikuwa na miaka 88 na hakuna jambo la mtaa ule lililompita, maana kiti chake kilikuwa dirishani. Akaniambia watu wa gesi walichimba mwezi wa Juni, wakafukia, wakaenda zao. Mistari hawakuirudisha.

Ijumaa, baada ya sala, nilimweleza mzee mmoja wa Mombasa ambaye sote pale tulimchukulia kama baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, lipa hiyo thelathini na tano upate kulala. Sisi wageni. Ukishindana na serikali ya watu, jina lako linabaki kwenye mafaili."

Maneno yale yaliniingia, kwa sababu mwaka uliofuata nilitarajia kuomba ukaazi wa kudumu. Nilijiona nimekaa mbele ya afisa, naye anafungua faili na kukuta pauni 70. Nilifika nyumbani nimekwisha kata shauri la kulipa.

Mke wangu ndiye aliyenizuia. Yeye ni fundi cherehani, na ana tabia ya kutotoa neno kabla ya kuona kitambaa. Akaniuliza, "Baba watoto, gari ulisimamisha wapi hasa?" Nikamweleza. Akafungua droo ya cherehani, akatoa futi yake ya kupimia nguo, ile ya sentimita 150.

Jumapili alfajiri tulikwenda wote wawili, yeye kashika ncha ya futi, mimi nimepiga magoti kwenye lami yenye baridi. Futi iliingia mara tano kamili na kipande cha sentimita 90. Mita 8 na sentimita 40 bila tone la rangi ya njano. Yaris yangu haifiki mita 4. Ilikuwa imeingia yote kwenye lami tupu, na nafasi ya gari jingine ikabaki.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Kurasa tatu za sentimita, michoro, tarehe. Jibu likaja katikati ya Desemba kwa aya moja: mistari inaonekana vya kutosha mbele na nyuma ya gari, pingamizi limekataliwa. Ila wamenipa tena siku 14 za kulipa pauni 35. Na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, nami siwalaumu. Ukilipa nusu, jambo limekwisha. Ukiendelea hadi kwenye rufaa ukashindwa, ni 70 nzima. Mtu mwenye haki yake kabisa anapiga hesabu ya kodi ya nyumba, anailipa ile nusu, na haki yake inaishia hapo. Mimi naona jambo hilo si sawa mpaka leo.

Nilikuwa na saa mbili tupu kila Jumanne kati ya mzee mmoja na mwingine. Nikazitumia maktaba. Kitu cha kwanza nilichokisoma kiliniondolea hofu ya mzee wa Mombasa: tiketi ya aina hii, inayotolewa na halmashauri kwa Sheria ya Usimamizi wa Trafiki ya 2004, si kosa la jinai. Ni madai ya fedha kati yako na halmashauri. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu nikiwa nimeweka kidole kwenye mstari, kama mtoto wa madrasa.

Cha pili kilinivunja moyo. Nilikuwa naamini kwamba mstari ukiwa na kasoro yoyote, tiketi imekufa. Sivyo. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Herron, dereva wa Sunderland aliyedai kuwa kasoro za mistari na alama za maegesho zinabatilisha faini zake. Alishindwa. Mahakama haikujali kasoro ndogondogo. Ilichotazama ni kama alama zilizopo zinatosha kumweleza dereva katazo.

Nilikaa pale nikitazama kurasa zangu tatu za sentimita, nikaelewa kwa nini hazikumgusa mtu. Nilikuwa nimesimama mahali pa fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Nilipaswa kusimama mahali pa dereva.

Januari ilipokuja notisi rasmi kwa mwenye gari, nikaandika upya, ukurasa mmoja. Nilieleza nilitokea upande gani, taa zilikuwa wapi, na macho yangu yaliona nini pale nilipofungua mlango na kutazama chini: lami nyeusi. Nikaongeza jambo ambalo sasa nililijua. Katazo la mistari miwili ni la usiku na mchana, kwa hiyo halihitaji kibao pembeni. Rangi peke yake ndiyo inayosema. Pale ambapo rangi haipo, hakuna chochote kilichosema. Babu naye akaandika mistari minne kwa mkono unaotetemeka, kuhusu watu wa gesi na mwezi wa Juni, akatia sahihi. Ilimchukua nusu saa, na hakutaka nimshikie karatasi.

Walikataa tena. Nikakata rufaa kwenye Traffic Penalty Tribunal, baraza huru linalosikiliza rufaa za aina hii nje ya London. Hutoi hata senti kufungua rufaa, jambo ambalo natamani kila kea na kila dereva wa teksi alijue.

Shauri lilisikilizwa kwa simu, Aprili 2019. Nilikaa jikoni, mke wangu kando yangu, cherehani imenyamaza. Afisa wa halmashauri alisema dereva makini angetambua kuwa mistari inaendelea. Mwamuzi, mwanamama mwenye sauti ya taratibu, akamwomba afungue picha ya nne, iliyopigwa na askari wao wa maegesho. Akauliza, "Hapo kwenye gurudumu la nyuma, nionyeshe mstari." Kimya. Yule afisa akasema unaonekana mbele kidogo. Mwamuzi akarudia, "Hapo kwenye gurudumu."

Mimi aliniuliza swali moja tu: ulipoegesha, uliona nini? Kiingereza changu nilichokiandaa wiki nzima kilinikimbia chote. Nikajibu, "Niliona barabara nyeusi, mama." Neno hilo la mwisho lilinitoka kwa Kiswahili. Hakuuliza maana yake.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe siku mbili baadaye. Rufaa imekubaliwa, alama za pale hazikumtosheleza dereva kujua katazo, hakuna cha kulipa. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya mteja, nikaisoma mpaka simu ikazima taa yake. Sikuwa nikiwaza pauni 70. Nilikuwa nikiwaza kwamba mtu asiyenijua alikuwa ameitazama picha ileile niliyoitazama mimi, akaona nilichokiona.

Ijumaa nikamwonyesha mzee wa Mombasa. Aliisoma kwa miwani, polepole, akaniomba nimtumie nakala.

Mwezi wa Juni ulipofika, mwaka mzima tangu kuchimbwa, lori la rangi lilikuja mtaani kwa babu. Nilikuwa namnywesha chai. Alinipigia ishara nisogeze kiti chake karibu zaidi na dirisha, tukatazama wawili sisi mpaka mistari ikakutana. Tangu siku hiyo niliegesha mtaa wa pili na kutembea dakika nne.