Ripoti ya Ajali Ni Kinga ya Aliyeumia

Katika ofisi za kaunti hapa Nairobi, ajali nyingi huzikwa pale pale zinapotokea. Mfagiaji huchomwa na sindano iliyofichika ndani ya takataka, akaosha kidole kwa maji ya chupa, akamaliza zamu na kwenda zake nyumbani. Karani huteleza ngazini akateguka mguu, wenzake wakampa pole, na kesho yake hakuna anayelizungumzia jambo hilo. Hakuna kilichoandikwa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu gharama ya kimya hicho humwangukia yule yule aliyeumia.

Nianze na sindano, kwa kuwa ndiyo hatari ninayoihofia zaidi kwa wenzetu wa usafi wanaofagia barabara za katikati ya jiji kabla hapajapambazuka, na wale wanaozoa taka katika masoko kama Muthurwa na Gikomba. Aliyechomwa na sindano asiyojua ilikotoka anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo ili ipimwe iwapo anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Dawa hizo hufaa zaidi zikianzwa mapema iwezekanavyo, hazianzwi baada ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Msimamizi anayemwambia aliyechomwa Ijumaa asubuhi kwamba wataandika ripoti Jumatatu amekwisha kuzimaliza saa hizo zote. Kuhusu homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huweza kuambukizwa kwa sindano, chanjo ipo, na kwa maoni yangu mfagiaji hapaswi kukabidhiwa ufagio kabla ya kuchanjwa, sawa na vile asivyopaswa kwenda barabarani bila glovu nzito na buti.

Sheria nayo ina saa zake. Chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, aliyeumia, au mtu mwingine kwa niaba yake, humjulisha mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye humjulisha mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24 ikiwa ajali imeua, na ndani ya siku 7 kwa ajali nyinginezo. Serikali haikuachwa nje ya sheria hiyo, na kaunti ni mwajiri kama waajiri wengine. Mwenzetu ambaye mgongo wake unamsumbua miezi mingi baada ya kuanguka kutoka kwenye lori la taka atathibitisha vipi kwamba aliumia kazini, ikiwa siku ile hapakuandikwa hata mstari mmoja?

Najua kinachowanyamazisha wengi, hasa walio kwenye mikataba mifupi: wanaogopa kwamba anayeripoti ataonekana mkorofi na mkataba wake hautaongezwa. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamikia jambo analoliona kuwa la hatari. Isitoshe, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo karibu kutokea, na hadi irekebishwe, mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo. Kwa hiyo nusura ajali, yaani ajali iliyokaribia kutokea, iandikwe pia. Mlango wa nyuma wa lori ukifunguka wenyewe leo bila kumgusa mtu, utafunguka tena.

Kwa sisi wa ndani ya ofisi, hatari nyingi hutokana na mpangilio mbaya. Masjala hujaa, mafaili yakapangwa kwenye korido, kisha kwenye ngazi, hadi njia ya kutokea wakati wa moto ikabaki upana wa mtu mmoja anayepita ubavu. Sheria inataka taka na uchafu viondolewe kila siku kwenye sakafu, ngazi na vijia. Baridi ya Julai inapoingia, hita hutolewa majumbani na kuchomekwa kwenye waya ule ule wa nyongeza unaobeba birika na kompyuta, tena chini ya meza iliyojaa karatasi. Msimu wa mvua, sakafu ya mapokezi hulowa tangu asubuhi, nao wananchi waliokuja kulipia leseni huteleza pamoja nasi.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa wasimamizi kwa idadi sawa, inayokutana angalau mara moja kila miezi mitatu. Ulizeni wawakilishi wenu ni akina nani, na mkiambiwa kwamba kamati haipo, ombeni kwa barua iundwe. Ikiwa ipo, ombeni kitabu cha ajali kisomwe kwenye kikao kijacho, na mfagiaji mmoja awe miongoni mwa wanaokisikiliza.